Shangazi, mama alinitamkia sitafika popote

"Shikamoo shangazi. Nauza viazi hapa Mwanjelwa, Mbeya, navitoa Uyole. Tangu mdogo mama akikasirika alikuwa ananiambia we mkosi tu kama baba yako, hutafika popote. Sasa mtaji umekata, watu wananikopa naogopa kudai, na kwenye maombi nimeambiwa nimejifunga kwa mdomo wangu maana napenda kusema sina bahati, eti nikiri utajiri kila asubuhi. Nakiri lakini viazi vinaoza. Juzi nimemfokea mwanangu wa darasa la tatu akanijibu, 'si ulishasema mimi mjinga'. Nimelaaniwa?"

Marahaba mwanangu. Hujalaaniwa, nianze na hilo ili leo upate usingizi.

Mithali 18:21 inasema mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi na mimi naliamini hilo neno kabisa, ila angalia linavyofanya kazi. Wale wapelelezi 12 wa kwenye Hesabu 13, waliotumwa na Musa kuipeleleza Kanaani, waliona nchi ile ile na majitu yale yale, 10 wakarudi wanasema sisi tulijiona kama mapanzi, basi watu wakalia usiku kucha wakagoma kwenda. Ni maneno tu yaliwaingia wakayaamini yakawakata miguu, na we mwenyewe umeniandikia unaogopa kudai hela yako halali, hapo ndipo maneno ya mama yalipokukalia.

Lakini kusema unaumia siyo kujilaani jamani! Yule mama wa kwenye Biblia anayeitwa Hana, aliyekuwa hapati mtoto, alimwambia kuhani Eli waziwazi kwamba ana huzuni rohoni, na Samweli akazaliwa. Kwa hiyo mwambie Mungu mtaji umekata, hatakuadhibu kwa kusema ukweli. Na viazi vilivyorundikwa penye unyevu vitaoza tu hata ukiri mpaka sauti ikauke, vitandaze sehemu kavu yenye hewa na kivuli, vilivyoanza kuoza vitoe.

Kinachonikosesha amani ni huyo mtoto. Leo kabla hajalala kaa naye kitandani umwambie nilikosea, we siyo mjinga, naomba unisamehe. Usimpambe kwamba ni profesa, watoto wanajua wakidanganywa, mtajie kitu ulichokiona kweli, labda siku ile alipokusaidia kurudisha chenji ya wateja na haikupungua hata mia. Akikosea tena taja kosa, "umemwaga maziwa, lete dekio", basi, usimguse utu wake. Utateleza, hasira haziishi kwa siku moja, ukiteleza rudi umwombe radhi tena na tena.

Mama msamehe kwenye maombi yako, siyo lazima umkalishe kikao, nadhani hata yeye kuna aliyemtamkia hayo hayo.

Alafu wadeni wako waandike kwenye daftari, anza na mwenye deni dogo, mwambie "dada naomba hela yangu Ijumaa", ukishasema nyamaza, usiongeze samahani.