Maswali ya Wasomaji: Injini Mpya Inataka Kazi, Haitaki Kubembelezwa

Nimenunua gari jipya la petroli, gia otomatiki. Nilipokabidhiwa funguo mita ilisoma kilomita 11. Kila siku natoka Ruaka kwenda Upper Hill, na sehemu kubwa ya njia ni foleni. Shemeji yangu ananionya nisivuke 80 hadi nifike kilomita 3,000, na kila asubuhi niliache gari likinguruma dakika kumi kabla ya kuondoka. Je, ni kweli injini mpya huzoeshwa hivyo? (Msomaji, Ruaka)

Shemeji yako anakutakia mema, lakini hilo la dakika kumi liache leo hii. Hilo la 80 lina ukweli nusu.

Tuanzie ndani ya injini. Ukuta wa silinda mpya si laini kama kioo. Kiwandani huchorwa mistari myembamba inayokatizana kama wavu, na kingo za mistari hiyo ndizo zinazosugua ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, mpaka ringi na ukuta vishikane pande zote. Ringi haibanwi ukutani na ugumu wake yenyewe tu. Gesi ya mwako hupenya nyuma yake na kuisukuma, na gesi hiyo hupata nguvu pale injini inapobeba kazi, yaani unapopanda mlima au unapoongeza mwendo. Injini ikinguruma tu palepale, shinikizo ni dogo, ringi haisugui inavyotakiwa, na oili iliyobaki ukutani huungua polepole ikawa utando unaong'aa. Utando huo ukishajaza ile mistari, ringi hazikai tena. Gari litakula oili miaka yote, na dawa itakuwa kufungua injini na kuchora silinda upya. Zaidi ya hayo, injini ikiwa baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida, na ile isiyoungua huteremka ukutani ikiosha oili hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kwa hiyo asubuhi, hata ile ya Julai yenye baridi ya nyuzi 11, washa, funga mkanda, subiri nusu dakika, ondoka. Nenda taratibu, mizunguko ikae chini ya 2,500 kwa dakika, hadi mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida. Kisha ongeza dakika tano nyingine za upole, kwa sababu oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya injini.

Kuhusu mwendo, usiangalie spidi peke yake, angalia mita ya mizunguko. Kanuni inayofaa magari mengi ya petroli ni kutovuka theluthi mbili ya mizunguko ya juu kabisa katika kilomita 1,000 za kwanza. Rangi nyekundu ikianzia 6,000, mpaka wako ni 4,000. Baada ya hapo ongeza mizunguko kidogo kidogo hadi ufike kilomita 1,500. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu. Toyota, kwa mfano, huandika hivi katika vitabu vyake vingi: kilomita 300 za kwanza usifunge breki ghafla, 800 za kwanza usivute trela, na 1,000 za kwanza usikimbie sana, usiongeze mwendo ghafla, usikae muda mrefu kwenye gia za chini, wala usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, nasi tunalisisitiza kuliko yote. Ukipanda Expressway pale Mlolongo ukaenda 80 bila kubadili hadi Westlands, kilomita 27 zote injini imezunguka vilevile na kubeba mzigo uleule mwepesi. Badili: 65, kisha 80, kisha acha mafuta ushuke tena. Na ile swichi ya gari kujiendesha kwa mwendo uliopangwa, isiguse kwa sasa.

Sasa foleni yako. Tatizo lake ni kwamba mita ya kilomita haioni muda. Unaweza kukaa saa mbili barabarani ukaongeza kilomita 14 tu, karibu zote bila kazi ya maana kwa injini. Usikate tamaa. Tafuta saa mbili Jumapili asubuhi. Southern Bypass inafaa mno. Ukiingilia upande wa Mombasa Road kuelekea Kikuyu unapanda polepole kwa kilomita zipatazo 30. Gari likiwa na moto, kanyaga mafuta hadi nusu ya pedali, pandisha kutoka 50 hadi 80, ukae hapo nusu dakika. Kisha inua mguu kabisa, uache gari lishuke hadi 50 likiwa kwenye gia, bila breki. Unapoinua mguu, mvuto ndani ya silinda huvuta oili kidogo juu ya ringi, nayo husaidia kuondoa chembe za chuma zilizosuguliwa. Rudia mara nane au kumi, ukiangalia kioo cha nyuma kila mara, maana malori ya bandari hupita pale. Jumapili tatu za namna hiyo zitaifaa injini yako kuliko mwezi mzima wa Limuru Road asubuhi.

Usilibane gari pia. Baadhi ya otomatiki hung'ang'ania mizunguko 1,200 hata mlimani ili kubana petroli. Ukisikia injini inatetemeka kwa sauti nzito, ongeza mguu kidogo ishuke gia. Kuikokotesha injini hivyo huumiza beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kama vile kuipigisha kelele.

Gari langu limefika kilomita 1,400 na oili imeshuka, iko katikati ya alama mbili za kijiti. Fundi mmoja anasema imwagwe yote sasa, injini isafishwe kwa dawa, kisha nitie oili ya bei kali. (Msomaji, Kitengela)

Dawa ya kusafisha, hapana. Injini mpya haina uchafu wa kuoshwa.

Kushuka huko ni kwa kawaida, kwa sababu ringi bado zinakaa. Katika magari mengi nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja, kwa hiyo umepoteza karibu nusu lita, ikiwa kijiti kilisoma juu kabisa ulipolichukua. Pima kila kilomita 500: gari kwenye tambarare, injini imezimwa dakika kumi, futa kijiti, rudisha, soma. Ongeza oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, robo lita kwa robo lita, wala usivuke alama ya juu. Oili ikizidi, krenki huipiga ikatoa povu, na povu haliwezi kulainisha.

Andika kila kipimo kwenye daftari, tarehe na kilomita. Ikiwa baada ya kilomita 5,000 bado unaongeza, peleka daftari hilo kwa aliyekuuzia gari. Daftari lenye tarehe litakusaidia kudai haki yako ya dhamana kuliko maneno matupu.

Kuimwaga mapema? Wapo watengenezaji wanaotaka oili ya kiwandani ikae hadi sevisi ya kwanza, Honda ni mmoja wao. Wengine hawakatazi. Kitabu kikiwa kimya, kuibadilisha pamoja na filta kati ya kilomita 1,000 na 2,000 hakudhuru kitu, na huondoa chembe za chuma za mwanzo. Ila tunza risiti.

Nina pikapu mpya ya dizeli yenye turbo. Naweza kuanza kubeba kabichi kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima wiki hii? (Mfanyabiashara, Kawangware)

Anza na nusu ya mzigo kwa kilomita 1,000. Dizeli inapenda kazi, nusu mzigo kwenye milima ya Kinangop itakaza ringi vizuri. Mizunguko isizidi 2,500 hadi 3,000. Ukiwa umetoka kupanda, usizime injini papo hapo. Iache dakika moja turbo ipoe, la sivyo oili iliyomo hukauka kwenye beringi zake. Kushuka, tumia gia, kwa sababu pedi zako za breki nazo ni mpya.

Injini ya gari langu la zamani imefunguliwa kwenye gereji ya Kirinyaga Road: ringi, beringi na gasketi mpya, silinda zimechorwa upya. Fundi anataka aiache iwake usiku kucha ndipo nilichukue. (Msomaji, Umoja)

Tunakusihi umzuie. Umelipia pesa nyingi, na usiku mmoja wa kunguruma bure unaweza kuharibu ile mistari iliyochorwa juzi.

Kwanza, kabla ya kuwasha, achomoe umeme wa plagi na wa sindano za petroli, azungushe injini kwa stata sekunde kumi kumi, akipumzisha kati yake, mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kwenye beringi. Ndipo aunganishe na kuwasha. Aangalie uvujaji, atoe hewa kwenye mfumo wa maji, ahakikishe feni ya rejeta inazunguka. Likishapata moto na halivuji, lipelekwe barabarani siku hiyohiyo. Ile zoezi ya 50 hadi 80 tuliyomwandikia msomaji wa Ruaka ifanyike mara kumi, kwenye gia ya tatu kama ni la gia za mkono.

Tumia oili ya kawaida ya madini katika unene uliotajwa na kitabu, siyo ya sintetiki, mpaka ringi zikae. Usitie dawa yoyote ya kupunguza msuguano, kwa sababu msuguano huo ndio unaoutafuta. Mwaga ya kwanza kwenye kilomita 100, ya pili kwenye 1,000, kila mara na filta mpya. Filta ya kwanza ikatwe na kufunguliwa mbele yako. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyometa ambavyo sumaku haivishiki huenda vimetoka kwenye beringi, na hapo gari lisitembee tena hadi sampu ishushwe.

Moshi wa bluu ukitoka asubuhi tu ukiwasha, kisha ukapotea, tazama sili za valvu. Ukitoka unapopanda mlima hata baada ya kilomita 1,000, ni ringi.

Halafu jambo linalowagharimu watu wa Nairobi bure: kipimo cha mgandamizo wa silinda. Vitabu hutoa namba za usawa wa bahari. Jiji letu liko mita zipatazo 1,700 juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini nzima kabisa ambayo kitabu kinaipa psi 180 itasoma karibu 147 hapa. Asikuambie mtu ringi zimekufa kwa sababu hiyo. Pima injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, pedali imekanyagwa hadi chini, na ulinganishe silinda kwa silinda. Tofauti isizidi asilimia 10.

Langu limetoka Japani likiwa na miaka saba. Nalo nilizoeshe? (Msomaji, Donholm)

Injini, hapana, ilishazoea huko. Badilisha oili na filta. Tairi mpya zipe kilomita 300 za upole, hasa mvua ikinyesha, kwa sababu huja na utelezi wa kiwandani. Pedi mpya za breki, tafuta barabara tupu: kutoka 60 punguza hadi 20 kwa mguu wa wastani, mara nane, ukiacha nusu dakika kati ya moja na nyingine. Ukimaliza, endesha dakika chache bila kugusa breki. Usisimame umekanyaga pedali diski zikiwa bado za moto, maana pedi itaacha alama yake hapo, na usukani utatetemeka kila ukifunga breki.