Kabla ya kununua zana ya kufuatilia mahitaji, badilisha namba moja

Jedwali letu la Excel lilikuwa na mistari 400 na ushee, yote ya kijani. Kushoto mahitaji ya programu, yaani mambo ambayo programu inatakiwa kuyatimiza, katikati sehemu za muundo na msimbo, kulia majaribio na matokeo yake. Programu yenyewe ilikuwa ya kuendesha pampu ya dripu, kifaa kinachompa mgonjwa dawa kidogo kidogo kupitia mshipani. Tulijiandaa kwa ukaguzi kwa wiki tatu, nami niliingia kikaoni bila wasiwasi.

Mkaguzi hakuhangaika na jedwali zima. Alichagua hitaji moja, la king'ora kinacholia mpira wa kupitishia dawa ukiziba, akaniomba nimfungulie jaribio lililounganishwa nalo. Hitaji lilisema king'ora kilie ndani ya sekunde 5. Jaribio lilisubiri hadi sekunde 10, na king'ora kikilia wakati wowote ndani ya muda huo, linaandika "limefaulu". Miezi minne nyuma daktari aliyekuwa akitushauri aliomba muda upunguzwe. Hitaji tulilibadilisha, msimbo tukaubadilisha, jaribio tukalisahau. Tulipopima upya jioni ile, katika hali moja ya pampu king'ora kilichukua sekunde 8. Yaani msimbo nao ulibadilishwa nusu tu, na jaribio la zamani likaendelea kutuambia kila kitu ni salama. Pampu ilikuwa bado haijamfikia mgonjwa yeyote, na mpaka leo nashukuru kwa hilo.

Tangu siku hiyo ninakitazama kiungo kati ya hitaji na jaribio kama dai. Kuna mtu, siku fulani, aliyasoma maandishi mawili akasema hili linalipima lile. Maandishi ya upande mmoja yakibadilika, dai lake limeshapitwa na wakati hata kama mstari bado ni wa kijani. Excel haina namna ya kujua hivyo. Inatunza maneno kwenye visanduku, haitunzi historia ya makubaliano kati ya visanduku hivyo.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza achukue zana gani, namwuliza kwanza: hitaji likibadilika, zana hiyo inakuambia nini, na inamwambia nani? Zana nzuri huweka alama ya shaka kwenye viungo vyote vinavyoligusa hitaji lililobadilika, na alama haiondoki mpaka mtu asome upya na kuthibitisha. IBM DOORS, ambayo kampuni nyingi za kutengeneza ndege na mifumo ya reli zimeizoea, ina uwezo huo. Doorstop, ya bure na ya msimbo huria, hufanya vivyo hivyo kwa njia nyepesi zaidi: kila hitaji ni faili moja ya maandishi ya aina ya YAML ndani ya Git, mfumo unaotunza historia ya mafaili, na kila kiungo kinatunza "alama ya kidole", yaani msimbo mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye maandishi kama yalivyokuwa siku yalipopitiwa. Ukigusa maandishi, alama hazilingani tena na programu inakupigia kelele. OpenFastTrace imechagua njia nyingine ninayoipenda kwa uwazi wake. Namba ya toleo ni sehemu ya jina la hitaji, kwa hiyo hitaji likipanda kutoka toleo la 1 kwenda la 2, jaribio linalotaja toleo la 1 linahesabika kuwa limechakaa. Ila hapo unategemea nidhamu ya mwandishi kuipandisha hiyo namba, na ikisahaulika umerudi kwenye jedwali langu la kijani.

Alama za shaka nazo zina hatari yake, na sisi tuliijua baadaye. Mwaka mmoja baada ya kuhamia kwenye zana halisi, nilikuta viungo zaidi ya 100 vimesafishwa shaka kwa dakika moja, usiku wa kuamkia siku ya kutoa toleo. Mhandisi aliyefanya hivyo hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka na alama zisizo na maana, kwa sababu mahitaji yetu yalikuwa aya ndefu zenye mambo sita sita, na mtu akirekebisha herufi moja tu, viungo 30 vinatiwa shaka kwa mpigo. Nani atasoma vyote?

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi kubwa ya ufuatiliaji inafanyika kwenye uandishi. Hitaji moja liseme jambo moja linaloweza kupimwa. "Mfumo utaonya haraka mpira ukiziba na kuandika tukio kwenye kumbukumbu" ni mahitaji mawili, na neno "haraka" halipimiki. Tuliyavunja yote upya kwa miezi miwili, kazi ya kuchosha kwelikweli, na idadi ikapanda karibu mara mbili. Lakini badiliko moja sasa linatia shaka viungo viwili au vitatu, na watu wanavisoma. Zaidi ya hapo, namba ya hitaji isitokane na sura ya waraka. Tulikuwa na mahitaji yanayoitwa 3.2.1 na 3.2.2, mtu akaingiza kifungu kipya katikati, na majaribio yote yaliyofuata yakawa yanaelekeza kwa jirani. Mpe kila hitaji namba yake ya kudumu, na likifutwa namba hiyo isipewe hitaji jingine kamwe.

Mpaka hapa nimezungumzia zaidi uhakiki, yaani kuangalia kama tulichojenga ndicho kilichoandikwa. Uthibitishaji unauliza swali la juu yake: je, kilichoandikwa ndicho kinachohitajika kwa anayetumia? Zana nyingi zina nguvu za kushuka kuelekea majaribio na ni dhaifu za kupanda kuelekea chanzo cha hitaji. Mfano ninaowapa wahandisi wapya ni roketi ya Ariane 5, iliyoharibika tarehe 4 Juni 1996, chini ya sekunde 40 tangu injini yake iwashwe. Programu ya mfumo wake wa kujua mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ikiwa na kazi ya kusawazisha vipima mwelekeo iliyoendelea kwa takriban sekunde 40 baada ya kupaa. Hilo lilikuwa hitaji la Ariane 4. Ariane 5 haikulihitaji kabisa. Ndani ya kazi hiyo namba ya biti 64 ilibadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16, na kwa kuwa Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa mlalo, thamani ilizidi kile ambacho biti 16 zinaweza kubeba. Mfumo wa akiba ukazima, na ule mkuu nao ukazima kwa kosa lilelile. Bodi ya uchunguzi ilieleza pia kwamba njia ya kuruka ya Ariane 5 haikuwekwa kwenye mahitaji ya kifaa hicho. Majaribio yangeweza kulingana na mahitaji kwa asilimia 100 na roketi bado ianguke.

Ndiyo maana kwenye zana yoyote ninayoipanga, naweka sehemu mbili za lazima kwa kila hitaji: limetoka kwa nani au wapi, na kwa sababu gani. Sababu iwe sentensi ya kweli, si "kwa mujibu wa mteja". Siku ya kurithi hitaji kutoka bidhaa ya zamani, sababu hiyo inasomwa kwa sauti mbele ya timu, na kama haiendani na bidhaa mpya hitaji haliingii. Viwango vya usalama navyo vinataka ufuatiliaji; DO-178C ya programu za ndege, iliyotoka mwishoni mwa 2011, inadai uende pande zote mbili, kutoka mahitaji ya mfumo hadi msimbo na kurudi, na kutoka mahitaji hadi majaribio na matokeo yake. Kupanda kutoka kwenye msimbo kunafichua kile ambacho hakuna aliyekiomba, na huwa kipo.

Kuhusu gharama niseme machache. Timu ya watu watano wanaoishi ndani ya Git itafika mbali na Doorstop au StrictDoc, zana nyingine ya msimbo huria. Kama unabadilishana mahitaji na kampuni nyingine, utahitaji ReqIF, muundo wa XML wa kubadilishana mahitaji, na usiamini neno "tunauunga mkono" mpaka utoe mahitaji yako, uyaingize upande wa pili, uyarudishe, kisha uhesabu viungo na picha zilizosalia.

Ukifika hatua ya kuonyeshwa bidhaa, usikubali mfano wa muuzaji. Peleka mahitaji 30 ya kwako, yale machafu, pamoja na majaribio yake. Badilisha namba moja, sekunde 10 ziwe 5, na uangalie nani anaarifiwa. Kisha futa hitaji moja uone majaribio yaliyobaki yatima yanaonekana wapi. Mwisho ligawe hitaji moja kuwa mawili na uulize: viungo vya zamani vimekwenda kwa lipi, na historia iko wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotuamulia. Muuzaji mmoja alituomba siku mbili ili aulize ofisini kwao. Zana tuliyoichukua ilijibu palepale: viungo vyote vilitiwa shaka, na mahitaji yote mawili yakaonyesha yametoka kwa lipi. Ripoti zake hazivutii macho, na bado tunazichapa hivyohivyo kwa ajili ya wakaguzi.