Mara ya Tatu Nilipouliza "Umekasirika?"

Jioni ile mke wangu alikuwa anaosha vyombo. Sufuria moja ikatua kwenye beseni kwa kishindo kilichozidi kidogo kile cha kila siku, na mimi niliyekuwa chumba cha pili nikaacha nilichokuwa nafanya. Nikaenda mlangoni. "Kuna tatizo?" Akasema hapana. Nikarudi, nikakaa, nikawa nasikiliza mlango wa kabati unavyofungwa. Hazikuisha dakika tano nikawa nimesharudi: "Una hakika? Maana umenyamaza." Akanijibu, "Sina hasira, baba. Nina usingizi." Nilipouliza mara ya tatu aligeuka, povu likimchuruzika mikononi, akasema, "Haya. Sasa ndiyo nimekasirika."

Kilichofuata naona aibu kukiandika: nilipata nafuu. Kifua kilichokuwa kimekaza kikalegea, kama mtu aliyetua mzigo. Si kwamba nilipenda akasirike. Ila sisi watu wa wasiwasi tunaona heri baya tunalolijua kuliko zuri tusilo na uhakika nalo, na ndiyo maana tunaanzisha ugomvi na watu ambao hatuna ugomvi nao.

Nazungumzia wasiwasi unaokaa, si ule wa siku ya mtihani unaokuja na kuondoka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wanaishi na maradhi ya wasiwasi ya namna moja au nyingine. Hakuna maradhi ya akili yanayowapata watu wengi zaidi. Wengi wetu hatujui kama tunaumwa. Mimi nilidhani ni mapenzi. Mume anayeuliza "umefika?" mara nne, nilijua huyo ndiye mume anayejali. Na nikikosolewa, jibu lilikuwa mkononi: wasiwasi ndiyo akili. Msemo huo nimeutumia kama ngao kwa miaka.

Hospitali nilienda kwa sababu nyingine kabisa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nikiwa nimelala, tumbo linavurugika, usingizi unakatika saa tisa ya usiku, nikaona hii ni presha. Daktari akapima presha, akachukua damu ili aangalie pia tezi ya shingoni, maana tezi hiyo ikizidisha kazi huleta mapigo ya haraka na mikono kutetemeka vilevile. Kote salama. Ndipo akanipa karatasi ya maswali saba: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umeshindwa kujizuia kuwaza? Mara ngapi umehisi kama jambo baya linakuja? Kila jibu lina alama, kuanzia 0 hadi 3. Nilipata 16 kati ya 21. Akaiangalia karatasi, akaniuliza, "Na nyumbani kukoje?" Nikasema kuzuri.

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa sijui.

Miezi michache baadaye nikagundua kwamba mke wangu alikuwa amekutwa na uvimbe mdogo kwenye titi. Alikuwa ameshapimwa, akachukuliwa kipimo cha pili, akasubiri majibu siku tisa, na majibu yakatoka salama. Yote hayo yalipita mimi nikiwa nalala naye kitanda kimoja. Aliyemsindikiza ni dada yake. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Ningekwenda nawe ningekuwa nauguza wawili."

Nimeisikia sentensi hiyo kila siku tangu hapo. Wengi wakizungumzia wasiwasi katika ndoa au urafiki husema unachosha, na kweli unachosha. Lakini kuchosha ni nusu tu ya habari. Ukiwa mtu wa kuhangaika, wanaokupenda huanza kukupunguzia habari. Mtoto haleti matokeo mabaya kwako, anampelekea mama yake. Rafiki anaacha kukusimulia shida zake kwa sababu akimaliza kusimulia, yeye ndiye atakayekubembeleza. Wanakuficha kwa huruma. Kisha wewe, ambaye macho yako hayalali, unaona kwamba kuna kitu unafichwa, na wasiwasi wako unapata ushahidi. Unauliza zaidi, nao wanaficha zaidi. Ni vigumu kukueleza duara hilo linavyobana kama hujawahi kuwa ndani yake.

Nilianza kwenda kwa mshauri nasaha. Jambo la kwanza alilonipa halikuwa dawa wala maneno matamu, lilikuwa kazi: hesabu maswali. Kila unapomuuliza mkeo jambo ambalo jibu lake unalo tayari, weka alama kwenye karatasi. Siku ya kwanza niliweka alama kumi na moja, na siku hiyo nilijiona nimetulia.

Halafu akanieleza kwa nini jibu halishibishi. Hofu inapopanda, mwili unadai kitu cha kuushusha. Unauliza, unaambiwa "hakuna kitu", moyo unashuka. Ubongo unaandika: kilichotuokoa ni swali. Haujifunzi kwamba hakukuwa na hatari. Unajifunza kwamba ukiogopa, uliza. Kwa hiyo kesho hofu ikija, mdomo unafunguka wenyewe. Kila jibu la upole alilonipa mke wangu lilikuwa linakuza swali linalofuata, naye alidhani ananisaidia.

Mshauri alinisimulia pia habari ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekaa Uganda katika miaka ya 1950 akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga majumbani. Wako watoto waliokwenda kucheza mbali na mama kwa amani, wakirudi mara mojamoja kuhakikisha yupo. Na wako waliolia sana hata wakiwa wamebebwa. Mwaka 1987 watafiti wawili, Hazan na Shaver, wakapendekeza kwamba hata mapenzi ya watu wazima yanaweza kutazamwa kwa jicho hilohilo. Mimi nadharia hazinikai kichwani, lakini yule mtoto anayelia akiwa amebebwa nilimtambua papo hapo. Mwenzangu alikuwa amenibeba miaka yote, na nilikuwa sijanyamaza.

Kilichonisaidia hasa ni kuchelewesha. Sikuambiwa niache kuuliza, hilo nisingeliweza. Niliambiwa swali likija niliandike, niangalie saa, nisubiri dakika ishirini. Zikiisha na bado nalitaka, niulize. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa kama kukaa juu ya siafu. Nilizunguka nyumba, nikapanga viatu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Lakini nilijionea kwa macho yangu kitu ambacho hakuna maneno yangenishawishi: hofu isipolishwa hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe. Siku nyingine nilifika dakika ya kumi na tano nikakuta nimesahau nilitaka kuuliza nini.

Sehemu ya pili ilimhusu mke wangu, na tulikaa tukakubaliana siku ya utulivu, si katikati ya vurugu. Hapa ningependa mnaoishi na watu kama mimi mnisikilize. Usikae tu siku moja ukaamua kutojibu; mwenzako ataona ameachwa. Kubalianeni kwanza. Sisi tuliazima neno. Asili ya neno wasiwasi ni Kiarabu, na huko linabeba maana ya kunong'ona, basi tukauita huo ugonjwa "mnong'ono". Nikiuliza mara ya pili, ananitazama: "Hilo unauliza wewe, au mnong'ono?" Mara nyingi nacheka. Zipo siku nilichukia kuulizwa hivyo, sitaficha, na wiki tatu za mwanzo nilikuwa mbaya kuliko kabla. Mshauri alikuwa ametuonya kwamba ndivyo inavyokuwa.

Na badala ya swali, nilijifunza kusema hali yangu. "Umekasirika?" ni swali linalomweka mtu kizimbani. "Leo moyo wangu uko juu juu, naomba nikae karibu yako" halimshtaki mtu yeyote. Tofauti ni ndogo ukiisoma hapa. Nyumbani ilikuwa kubwa mno, kwa sababu kumbe muda wote nilikuwa namwomba hukumu, wakati nilichohitaji ni mtu wa kukaa naye. Kukaa hakumchoshi. Wala usimwambie mwenye wasiwasi "tulia tu". Angekuwa na uwezo huo angeshatulia.

Dawa zipo pia na zina nafasi yake. Wapo wanaozihitaji, nyingi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na nyingine zinazotuliza haraka zina hatari ya kumfanya mtu azitegemee. Hayo ni ya daktari wako, si ya kuazimana na jirani. Mimi nilipunguza kahawa vilevile, jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kwa mkazo. Si kila hofu ndani ya nyumba ni ugonjwa. Kama unaogopa kwa sababu mtu anakupiga, anakutisha, anakutenga na ndugu zako au anakufanya uombe ruhusa ya kupumua, hapo usihesabu maswali wala usisubiri dakika ishirini. Hapo wasiwasi ndiyo akili kweli. Tafuta mtu unayemwamini umweleze, na utafute msaada wa kutoka salama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini wakati mwingine ni nyoka.

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa na miadi ya kurudia kipimo. Safari hii aliniambia wiki mbili kabla, nami nikaingia msalani nikafungulia maji ili asisikie ninavyohema. Tulikwenda wote. Tukakaa kwenye benchi, mikono yangu nikaibana katikati ya magoti, mdomoni nina maswali yasiyopungua sita. Nikayameza moja moja. Yeye ndiye aliyegeuka akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Unadhani itakuwa salama?"

Nikamwambia sijui, ila niko hapa na siendi popote. Akaitikia kwa kichwa, akafungua simu, akaendelea kusoma alichokuwa anasoma. Aliuliza mara moja tu. Nilimwonea wivu.