Muulize Bibi Shamba: Gugu karoti limevamia Rhodes yangu

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Nina ekari tatu za nyasi za Rhodes kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Tangu masika limeingia gugu lenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe. Nimelifyeka, likachipua na kuchanua likiwa fupi zaidi. Wateja wanalalamika maziwa ni machungu, na kijana wangu wa kazi anajikuna mikono. Jirani anasema nipige glaifoseti, dawa ya kuua magugu, shamba zima nianze upya. Nifanyeje?
Mfugaji, Usa River

JIBU: Marahaba, mwanangu. Glaifoseti iache dukani. Haichagui: itaua Rhodes pamoja na gugu, ubaki na udongo mtupu, na hapo ndipo gugu karoti hustawi. Mbegu zilizolala ardhini zitaota kabla hujapata hela ya mbegu za nyasi.

Tuanze na kijana. Muwasho huo unatokana na gugu lenyewe, na kila akiligusa huenda ukazidi. Mpe kazi nyingine. Atakayeng'oa avae glavu za mpira na shati la mikono mirefu, afunike pua. Mwenye pumu asisogee kabisa.

Gugu hili asili yake ni Amerika. Lilitambuliwa Arusha mwaka 2010 na leo limejaa kandokando ya barabara. Husafiri kwa matope ya matairi, mchanga wa ujenzi, kwato na marobota ya majani. Mche ulioshiba hutoa mbegu 15,000 na zaidi, nao waweza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota. Kwa hiyo usisubiri lirefuke. Panga linakata kichwa, shina linabaki chini na kutoa matawi mengine. Ndiyo maana limekurudia.

Pale lilipoota moja moja, ng'oa baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mzizi utoke wote. Lililokwisha chanua, tia maua kwenye mfuko kwanza ndipo uvute shina, kisha ukachome. Usilitupe kwenye samadi, na tafadhali usilirushe barabarani. Nimeyaona hayo, tena kwa watu wazima wenye akili zao.

Palipojaa, tumia 2,4-D. Hiyo huua majani mapana na kuziacha nyasi zilizokwisha shika, ila mikunde ya malisho kama desmodiamu au lusini ikiwamo itakufa pia. Piga gugu likiwa bado limelala chini, halijainua shina. Siku ya upepo usipige: nyanya za jirani huharibika hata kwa mvuke kidogo, halafu tutazungumza kesi badala ya malisho. Waulize TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni ni dawa zipi zilizosajiliwa, na ng'ombe wasirudi kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Sasa nikuulize mimi: ng'ombe wangapi wako humo? Hukusema, ila maziwa yamesema. Ng'ombe mwenye nyasi za kutosha hulikwepa gugu karoti. Akilila, maziwa huwa machungu, nawe ujue nyasi zimekwisha. Gawa shamba vipande, watoe kila kipande kabla nyasi hazijashuka chini ya upana wa kiganja, kisha kipumzike. Hapa ndipo utashinda au utashindwa, dawa ni msaada tu. Mabaka yaliyo wazi yapandie Rhodes mvua zikianza, kwa kiwango cha kilo 4 hadi 5 kwa ekari. Mbegu ni nyepesi, changanya na mchanga mkavu, kwaruza juujuu kwa tawi, usizifukie. Mbegu za gugu hudumu ardhini miaka, basi kila mvua ikitulia pita tena. Na ng'ombe wa mnadani akae bandani siku kadhaa, atoe kinyesi cha kule alikotoka.

SWALI: Ndago imejaa kwenye majani yangu ya tembo machanga. Nalima kila wiki, inaongezeka.
Msomaji, Tengeru

JIBU: Jembe linaikatakata minyororo ya viazi vyake, na kila kiazi kinachipua peke yake. Ng'oa kwa uma, viazi vitoke, uvianike juani vikauke kabisa. Weka samadi majani yafunge haraka. Ndago haivumilii kivuli. Palipo na mapengo panda vipando vingine mvua hizi hizi.