Seti ya harusi kwa shanga za chupa: kwa nini mkufu hukatika na bangili hubana

Swali: Fundi, shikamoo. Kaka yangu aliniletea kutoka Ghana shanga za chupa 48, za manjano zenye mistari ya buluu, unene wa milimita 12 hivi. Nataka kumtungia mdogo wangu seti ya harusi: mkufu, bangili na hereni. Nilitumia mshipi wa kuvulia samaki. Mkufu ulikatika baada ya siku nane. Bangili nilipima mkono wake, sentimita 16, nikaongeza moja na nusu, ikakataa kufunga. Halafu nikiviweka vyote pamoja havionekani kama seti moja. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Mkono wako hauna shida. Umezitunga shanga hizi kama za kiwandani, nazo sizo.

Kwa maelezo yako hizo ni shanga za Wakrobo, watu wa mji wa Odumase, mashariki mwa Ghana. Chupa hutwangwa kinuni, unga wake huchekechwa, kisha hujazwa kwenye vishimo vya kibao cha udongo kilichopakwa kaolini, yaani udongo mweupe, ili kioo kisigande. Katikati ya kila kishimo huchomekwa kikonyo cha jani la muhogo. Tanurini, kwenye nyuzi joto kati ya 650 na 850 hivi, unga hushikana na kikonyo huungua, kikaacha tundu. Mshipi wako ulikatikia hapo hapo. Tundu lililoachwa na kijiti kilichoungua lina midomo yenye meno, na ndani hubaki kaolini, ule unga mweupe unaouona vidoleni. Kila mwenye mkufu anapogeuza shingo, mshipi husuguliwa.

Loweka shanga zote kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, usugue kila tundu kwa brashi nyembamba mpaka maji yatoke safi. Zikikauka, pitisha uzi mweupe wa pamba katika kila ushanga, uvute mbele na nyuma mara tano. Uzi ukitoka na manyoya, tundu hilo ni kali. Shika tupa nyembamba ya mviringo yenye chembe za almasi, zamisha ushanga ndani ya bakuli la maji, uizungushe tupa mdomoni mwa tundu bila kuisukuma. Ukisukuma, kioo kitabanduka. Maji ni ya lazima, dada: vumbi la kioo halifai kuvutwa puani, na maji yale uyamwage mbali na watoto. Kisha rudia jaribio la uzi.

Mshipi wa samaki uuache kabisa. Nunua waya laini wa chuma uliovikwa nailoni, unene wa milimita 0.45 au 0.5, pamoja na vibomba vidogo vya kubana ncha zake kwa plaizi.

Sasa bangili. Ulipima ngozi, lakini uzi hauigusi ngozi. Unapita katikati ya shanga, nusu unene juu ya mkono, kuzunguka pande zote. Kwa hiyo chukua kipimo cha mkono, uongeze unene wa ushanga mara 3.14. Kwako ni milimita 12 mara 3.14, karibu sentimita 3.8. Kumi na sita na hiyo ni 19.8, weka na nafasi kidogo ya kupumua, ufike 20.5. Uliishia 17.5; isingefunga hata ungeivuta vipi. Wengi hulaumu kifungio hapa, wakabadilisha vifungio vitatu bure.

Kabla ya kukata waya, hesabu. Mkufu wa sentimita 45 ukitoa kifungio una 42 za kujaza. Ukitunga vioo vitupu unahitaji shanga 35, bangili (nayo ukitoa kifungio) 15, hereni 2: jumla 52, na unazo 48. Weka kishanga cha shaba cha milimita 3 baada ya kila kioo. Mkufu utachukua 28, bangili 12, hereni 2, yaani 42, na sita za kukataa zinabaki. Shaba hiyo pia huzuia kioo kisigongane na kioo, maana shanga hizi humeguka pembeni zikigongana.

Kuhusu kufanana, hapa ndipo ningekusihi usiwe na haraka. Tandika kitambaa cheupe kivulini mchana, si chini ya taa, umwage shanga zote. Utaona manjano kama tatu, moja ikielekea kahawia. Wanaoanza huchagua zilizo nzuri zote wakaziweka kwenye mkufu, bangili ikapata masalia. Ndiyo maana vitu vitatu vinaonekana vya watu watatu. Anza na hereni. Hizo mbili zinakaa pande mbili za uso mmoja, kila jicho litazilinganisha, basi zipate jozi iliyokaribiana kuliko zote kwa rangi na kwa mistari. Kisha chagua saba za mbele ya mkufu. Zilizobaki zigawe kwa uwiano: kila manjano iliyopo kwenye mkufu iwepo pia kwenye bangili, na zile za kahawia zisambae, zisikae pamoja. Zenye kasoro ziende nyuma ya shingo. Mimi hupiga picha ya mpangilio kwa simu kabla ya kutunga, maana kiwiko kimoja tu hutosha kuvuruga kazi ya asubuhi nzima.

Hereni iwe na ushanga mmoja tu. Kioo cha unene huo kina gramu 2 hivi. Ukining'iniza vitatu, sikio la bibi harusi litauma kabla ya keki kukatwa. Ndoano ziwe za fedha, kwani nikeli huwawasha wengi.

Unapofunga mkufu usiuvute ukakakamaa. Acha milimita 2 au 3 za waya wazi ili ujikunje shingoni. Bana vibomba, fungua kifungio, pima urefu wa mkufu, kisha uning'inize kwenye msumari usiku mzima. Asubuhi pima tena. Ukiwa umerefuka hata milimita 2, kibomba hakijashika. Kata, ufunge upya.