Safu ya wasomaji: Mtoto mmoja, soka na mpira wa Kigaeli

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi wanaolea watoto Ireland, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtoto anacheza soka, na klabu ya michezo ya Kigaeli ya mtaani nayo inamtaka. Kwa asiyeijua, michezo hiyo inasimamiwa na GAA, chama kilichoundwa mjini Thurles mwaka 1884. Mikubwa ni mpira wa Kigaeli, unaochezwa kwa mikono na miguu, na halingi, unaochezwa kwa fimbo na kimpira kigumu cha ngozi. Halingi ya wasichana huitwa kamogi. Soka iko chini ya chama kingine, FAI.

Mwanangu ana miaka 12. Kocha wa soka kasema achague moja. Kocha wa Kigaeli naye kasema asiyekuja mazoezini Ijumaa hapangwi Jumapili. Mtoto analia. Aache upi?
*Mama wa watatu, Dublin 15*

Mama, kwa umri huo asiache wowote. Michezo miwili si tatizo. Inamjenga kwa namna mbili tofauti. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayejumlisha. Kila kocha anaona mazoezi yake mawili na mechi yake moja, na kwake hayo si mengi. Anayebeba jumla ni mtoto.

Chukua karatasi uandike wiki nzima. Tuseme soka ni Jumanne na Alhamisi, Kigaeli ni Jumatano na Ijumaa, kila zoezi saa moja na nusu: hapo ni saa 6. Ongeza mechi ya Jumamosi na ya Jumapili, saa moja na nusu kila moja pamoja na kupasha misuli: 9. Jumatatu kuna timu ya shule, saa moja: 10. Madaktari wa michezo hushauri saa za wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka, kwa hiyo 10 kwa mtoto wa miaka 12 zinakubalika. Lakini itazame tena hiyo karatasi: hakuna hata siku moja tupu. Hapo ndipo mtoto anapoumia. Mwili unapona siku ya kupumzika, na ushauri ni angalau siku moja au mbili kila wiki bila mazoezi yoyote ya kupangwa.

Dawa yake ni hii. Miezi ambayo misimu miwili inagongana, kila klabu impe zoezi moja tu kwa wiki. Soka Jumanne, Kigaeli Ijumaa, mechi zote mbili zibaki. Jumatano na Alhamisi zinakuwa huru na jumla inashuka hadi saa 7. Wikiendi ambayo mechi ni mbili mfululizo, omba acheze nusu ya moja kati ya hizo. Kocha mwenye wachezaji wa kutosha atakubali.

Usizungumze na makocha hao kila mmoja kivyake, maana kila mmoja atadhani mwenzake ndiye anayependelewa. Watumie wote wawili ujumbe mmoja Jumapili jioni, kila mmoja aone namba ya mwenzake: siku atakazokuja kwa nani, mechi alizo nazo, na kama kuna mahali panapomuuma. Ukirudia hivyo wiki kadhaa, mara nyingi wataanza kupangana wenyewe. Kocha anayemtishia mtoto wa miaka 12 kwamba hatapangwa amekosea, na una haki ya kumwambia hivyo kwa heshima, au kulipeleka jambo kwa msimamizi wa vijana wa klabu.

Miezi ya kugongana inategemea mnapoishi. Kwa mazoea, ligi za soka za watoto Dublin zimeanza Septemba na kuishia Mei, ilhali Kigaeli huanza majira ya kuchipua hadi vuli. Kwa hiyo shida ni Machi hadi Mei, kisha Septemba na Oktoba. Kaunti nyingine husakata soka wakati wa kiangazi, na huko mgongano ni wa kiangazi kizima. FAI ilitoa mpango mwaka 2024 unaotaka kalenda moja ya soka nchi nzima, kwa hiyo usitegemee ya mwaka jana. Kabla ya kulipia usajili, uliza klabu zote mbili: ligi inaanza mwezi gani, inaisha lini, mechi ni siku gani?

Na kama unajiuliza ukali huu watoka wapi, una historia. Hadi mwaka 1971 GAA ilikuwa na kanuni iliyomfungia mwanachama aliyecheza soka, hata aliyekwenda kuitazama tu. Kanuni ilifutwa, na tangu 2007 soka imechezwa hata Croke Park, uwanja mkuu wa GAA wenyewe. Lakini klabu ya Kigaeli ni ya parokia. Wanaoiendesha ni majirani wanaojitolea, na kila mtoto anayeondoka wanamwona akipita dirishani. Ukilijua hilo utaongea nao vizuri zaidi.

Mpwa wangu yuko Cork, ana miaka 14, ni winga mzuri sana. Hiyo mipira ya mikono haitamharibia nafasi ya kuwa mwanasoka wa kulipwa?
*Mjomba, Mombasa*

Mjomba, mfano ulio karibu nawe zaidi uko Cork hukohuko. Chiedozie Ogbene alizaliwa Lagos, akahamia Cork akiwa mtoto, akacheza mpira wa Kigaeli katika klabu ya Nemo Rangers na soka Cork City. Mwaka 2021 akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kuichezea timu ya taifa ya wanaume ya Ireland. Séamus Coleman alikulia Killybegs akicheza Kigaeli, akaenda Sligo Rovers, na mwaka 2009 Everton wakamnunua kwa pauni 60,000 tu. Alikuja kuwa nahodha wa taifa. Kevin Moran alitwaa ubingwa wa Ireland wa mpira wa Kigaeli akiwa na timu ya Dublin mwaka 1976 na 1977 kabla ya kuitumikia Manchester United. Niamh Fahey alikuwa bingwa wa Kigaeli akiwa na timu ya Galway mwaka 2004, kisha akaichezea Ireland soka zaidi ya mechi 100.

Wanachokipata huko kinaonekana uwanjani: kuruka kuudaka mpira juu ya vichwa vya watu, kukubali kugongana bega kwa bega, na pumzi. Uwanja wa Kigaeli wa wakubwa una urefu wa mita 130 hadi 145. Wa soka haufiki huko.

Kuna jambo jingine linalompa kijana muda. Tangu Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2021, klabu za huko haziruhusiwi kumsajili kijana kutoka Ireland kabla ya kutimiza miaka 18. Zamani waliondoka wakiwa na miaka 16. Klabu za nchi za Umoja wa Ulaya bado zinaweza kumchukua akiwa na 16, ila wanaofuata njia hiyo ni wachache. Vijana wengi sasa wanakulia nyumbani.

Hata hivyo ipo siku ya kuchagua, nayo hufika mapema kwa watakaochukuliwa na akademia. Klabu za Ligi ya Ireland zina timu katika ligi za taifa za vijana kuanzia umri wa miaka 14. Hapo mazoezi ni mara tatu au nne kwa wiki pamoja na mechi, safari za basi juu yake, na nyingi zitamwomba aache michezo mingine. Mpwa wako akiitwa, familia iulize mambo manne kabla ya kusaini: mazoezi ni mara ngapi, anaruhusiwa kucheza timu ya shule, msimu una mapumziko ya wiki ngapi, na akiachwa mwishoni mwa mwaka anarudi klabu gani. Hilo la nne huulizwa na wachache, na ndilo linalowaumiza wengi. Aage klabu ya Kigaeli kwa heshima, asitoroke. Wengi wanaoachwa na akademia wakiwa na miaka 17 hurudi huko, na mlango wanaukuta wazi.

Binti yangu wa miaka 11 analalamika kisigino kila akitoka uwanjani. Asubuhi anachechemea, mchana anakimbia. Kocha kasema ni njumu mpya.
*Baba, Limerick*

Njumu zinaweza kuchangia, lakini maelezo yako yanafanana sana na maumivu ya kisigino kinachokua, yanayowapata watoto wa miaka 8 hadi 14. Mfupa unarefuka haraka kuliko msuli wa shavu la mguu, na ule mshipa mnene wa nyuma unavuta mahali ambapo mfupa bado ni laini. Bana kisigino chake taratibu kwa pande zote mbili kwa vidole. Akiruka kwa maumivu, huenda ni hilo. Maumivu ya aina hiyohiyo ni yale ya chini ya pia ya goti, yenye kauvimbe kagumu, ambayo hufuata miaka michache baadaye.

Kwa kawaida hahitaji kuacha kila kitu. Punguza mzigo kwa nusu kwa wiki tatu au nne, na hapa ndipo wazazi wa michezo miwili hukosea: wanampumzisha soka, huku Kigaeli na kamogi zinaendelea kama kawaida. Nusu ni ya jumla. Weka visoli vya kuinua kisigino katika viatu vyote viwili, vya mazoezi na vya shule. Barafu iliyofungwa kitambaa dakika 10 hadi 15 baada ya mchezo. Akiwa hana maumivu makali, anyooshe shavu la mguu ukutani sekunde 30, mara tatu kila upande, kila siku. Akichechemea katikati ya mchezo, atoke.

Mpeleke kwa daktari ikiwa anaumwa usiku akiwa amelala, kisigino kimevimba au kina joto, ana homa, au wiki nne zimepita bila nafuu.

Tuanze kununua nini? Tunaogopa gharama mara mbili.
*Wazazi wapya, Galway*

Njumu za meno ya plastiki zinatosha michezo yote kwenye nyasi. Kwenye nyasi bandia, ambako mazoezi mengi ya baridi huhamia kwa sababu viwanja vimejaa maji na Desemba jua linazama saa kumi na dakika chache alasiri, tafuta viatu vya meno mafupi mengi. Meno marefu hukwama na goti ndilo linalozunguka.

Soka inadai kinga za ugoko. Kigaeli kinadai kinga ya meno: kwa watoto ni lazima tangu 2013, mazoezini na kwenye mechi, na asiyeivaa anaweza kukosa malipo ya bima akivunjika jino. Ile ya kuchovya kwenye maji moto na kuiuma inafaa, ila mtoto anayebadilisha meno atahitaji kuifinyanga upya au kununua nyingine kila baada ya miezi kadhaa. Mwenye nyaya za meno amwone daktari wa meno kwanza.

Kwa halingi na kamogi, helmeti yenye wavu wa uso ni lazima. Angalia alama ya IS 355 ndani yake, na usikate wala kupinda chuma cha wavu ili mtoto aone vizuri zaidi. Ukifanya hivyo haikubaliki tena. Fimbo ipimwe mtoto akiwa amesimama wima na viatu: kutoka chini hadi mfupa wa nyonga. Ndefu kuliko hapo itamfundisha kushika vibaya. Kabla ya duka, uliza klabu. Nyingi zina sanduku la vifaa vya watoto waliokua.

Jumamosi kijana wetu aligongwa kichwa kwenye soka, akakaa kidogo akarudi uwanjani. Jumapili kacheza Kigaeli. Sasa anaumwa kichwa.
*Mama, Drogheda*

Mama, mpeleke kwa daktari leo, na asicheze chochote hadi daktari aseme. Akitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege au mkono ukilegea, piga 999 au 112 mara moja.

Kwa wengine wote: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Hatari kubwa ya mtoto wa michezo miwili ni hii iliyokupata. Kocha wa Jumapili hakuwepo Jumamosi. Vyama ni viwili, na taarifa ya kimoja haifiki kwa kingine isipokuwa wewe umeipeleka. Andika ujumbe jioni ileile kwa makocha wote na kwa shule. Kurudi ni kwa hatua: masomo kwanza, kisha kutembea na kukimbia kidogo, kisha mazoezi bila kugusana, mwisho mechi. Dalili zikirudi, anashuka hatua moja. Siku za kusubiri zinahesabiwa kwa kichwa kimoja, si kwa klabu.

Kila akitoka soka kwenda Kigaeli, mwanangu anapulizwa filimbi. Kinachomchanganya ni nini?
*Baba, Cork*

Mara nyingi ni mambo matatu. Haruhusiwi kuuokota mpira chini kwa mikono moja kwa moja. Auinue kwa kidole cha mguu kwanza. (Dada yake akiona hivyo atashangaa, kwa sababu wasichana wanaruhusiwa kuuokota wakiwa wamesimama.) Akiushika, ana hatua nne tu, kisha audundishe chini au aupige kwa mguu urudi mikononi, na hawezi kuudundisha mara mbili mfululizo. Tatu, asiteleze kwa miguu kuupokonya mpira kama beki wa soka.

Shuti nalo linageuka. Soka inamtaka aufunike mpira kwa kifua ubaki chini. Kigaeli kinampa pointi 1 ukipita juu ya mtambaa wa panya na 3 ukiingia wavuni, kwa hiyo anajifunza kuuinua. Tangu 2025, kwa wakubwa, shuti la nje ya tao la mita 40 likipita juu ni pointi 2, na watoto wameshaanza kuliiga. Kabla ya mechi ya soka mpe dakika 10 za kupiga mpira ulioko chini, mashuti ya chini tu, akianza taratibu. Kabla ya Kigaeli, dakika hizo hizo ziwe za mpira unaoachiwa kutoka mikononi, akianzia mita 15 na kurudi nyuma kidogo kidogo.