Joto linaposhuka ukiingiza unga wa madini kwenye ekstruda

Mtu mmoja ameuliza kuhusu tatizo lake: anachanganya plastiki ya polipropileni na unga wa madini ya kalsiamu kaboneti kwenye ekstruda ya skrubu mbili, mashine inayoyeyusha plastiki na kuisukuma kwa skrubu ndani ya silinda. Unga ukiwa asilimia 40 kazi inaenda, akifika 70 ampea za mota zinapanda, fida ya pembeni (kifaa kinachoingiza unga kupitia ubavu wa silinda) inaziba na punje zinatoka na madoa meupe. Kwa kuwa zoni zote, yaani sehemu za silinda zenye hita zake, zinasoma nyuzi 220, anaamini joto lipo. Halipo. Kihisi kimefungwa kwenye chuma cha silinda, kwa hiyo kinasoma chuma, si uji wa plastiki iliyoyeyuka ulio ndani.

Piga hesabu. Kilo moja ya polipropileni iliyoyeyuka hubeba takriban kilojuli 2.4 za joto kwa kila nyuzi, unga huo takriban 0.88. Kilo 60 za uji wa nyuzi 220 zikikutana na kilo 40 za unga wa nyuzi 25, mchanganyiko unatulia karibu na 182. Polipropileni huyeyuka kwenye 160 hadi 165, kwa hiyo bado una nafasi. Sasa weka kilo 30 za uji kwa 70 za unga: unapata nyuzi 130. Uji unakuwa mzito mno, unaganda pale unapogusa unga wa baridi, na ndani yake unabaki umefungia mabonge makavu. Hayo ndiyo madoa meupe. Skrubu itaongeza joto mbele, lakini bonge likishafungwa hivyo ni kazi kulivunja.

Usikimbilie kupandisha zoni hadi 260. Plastiki hupitisha joto vibaya sana, na kwenye mashine inayokwenda kasi joto jingi hutoka kwa mota kupitia skrubu, si kwa hita. Utaunguza tabaka linalogusa silinda huku katikati kukiwa baridi. Nyuzi 10 hadi 20 zaidi kwenye zoni mbili kabla ya fida zinatosha.

Dawa ni kugawa unga, na hapo ndipo ningeweka pesa kwanza. Kwa kilo 30 za uji, ingiza kilo 35 za unga, ukandwe hadi uji urudi 210, kisha 35 nyingine kwenye fida ya pili. Kwa unga wa nyuzi 25, mara ya kwanza uji utashuka hadi nyuzi 162 hivi, mara ya pili 167: pembezoni kabisa. Unga ukipashwa hadi 100, mara zote mbili uji unabaki karibu na 184. Kupasha kunakausha pia, maana unyevu ukigeuka mvuke hurudi nyuma na kusukuma unga juu ya fida. Unga uliopakwa asidi steariki uangalie: ziada ya asidi huyeyuka karibu na nyuzi 69 na unga hushikana.

Baada ya fida weka vipande vya skrubu vya kusafirisha vyenye hatua ndefu (mapindo yaliyoachana), visivyojaa. Vya kukanda vianze baada ya urefu wa kipenyo cha skrubu mara tatu au nne, kwanza vyenye sahani zilizopishana kwa pembe ya 30 au 45, vya 90 baadaye. Ukikanda papo hapo, uji unarudi kwenye mdomo wa fida. Acha pia tundu la kutoa hewa kabla ya fida, kwa sababu unga mwepesi huja na hewa nyingi. Mara nyingi fida huziba kwa hewa, wala si kwa baridi.

Unapowasha, usimwage unga wote. Anza na theluthi, ngoja ampea zitulie, ndipo uongeze kidogo kidogo.

Kupima, chovya sindano ya kipimajoto kwenye uji unaotoka, ila ipashe kwanza. Sindano baridi husoma chini. Usishangae ukikuta 245 kwenye dai (mdomo ambao uji hutokea) wakati zoni zimewekwa 220, kwani uji mzito wenye madini hujipasha wenyewe kwa msuguano. Punguza zoni za mwisho, na ikibidi mwendo wa skrubu. Kamba zenye madini zinazotoka kwenye dai nazo hupoa haraka majini kwa vile madini hupitisha joto vizuri kuliko plastiki, hivyo fupisha sehemu iliyozama. Zikifika kwenye kikata zikiwa baridi kabisa, hukatika ovyo na kumwaga vumbi.